Picha za zamani: angalieni gari kwanza ndo muandike mwaka

Mhariri, salaam na hongereni kwa kazi. Mimi ni fundi wa malori mstaafu, niko Morogoro, gazeti lenu nasoma miaka mingi na naomba nafasi kidogo manake kuna jambo linanikera kila nikifungua ule ukurasa wenu wa picha za kale. Picha zenyewe nzuri sana, ugomvi wangu ni yale maelezo ya chini. Juzi mmeweka picha ya msafara mkaandika "Dar es Salaam, sherehe za Uhuru, Desemba 1961" alafu mbele kabisa imesimama Land Rover ina taa kubwa kwenye madigadi. Jamani! Taa za Land Rover zimehamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60, kabla ya hapo zilikuwa katikati, karibu karibu, pale kwenye shoo ya mbele, yaani ule uso wa gari wenye wavu. Sasa hiyo ya 1961 ilitoka wapi? Inawezekana kabisa ni sherehe za Uhuru ila za mwaka mwingine, na hao waheshimiwa mliowataja majina inabidi waangaliwe upya mmoja mmoja.

Na Land Rover ndo gari rahisi kuliko zote kuisoma. Zile za mwanzo kabisa, 1948 na kuendelea kidogo, taa zimejificha nyuma ya wavu na ubavu wake ni bapa kama umepigwa rula. Ya 1958, yaani Series II, ubavu umetoka kitumbo kidogo pale chini ya vioo. Ikifika 1971 ndo inakuja Series III, shoo ya plastiki. Ukijua hayo tu picha nyingi za ma-DC na wakaguzi wa shule zinajipanga zenyewe, manake hao watu hawakupanda kitu kingine porini.

Volkswagen ya kobe nayo ukiipata kwa nyuma umemaliza kazi. Kioo kimegawanyika vipande viwili ni ya kabla ya Machi 1953, kioo kimoja cha duara la yai ni hadi 1957, baada ya hapo kioo kikawa kikubwa. Peugeot ndo watu wanaichanganya sana, kila Peugeot kwao ni 504. Hapana bwana, 404 ina taa za mviringo na mapezi kule nyuma, 504 taa zake zimekatwa pembe na imetoka 1968. Kwaio ukinionyesha picha ya Safari Rally ya 1966 au 1967, zile Bert Shankland wa hapa kwetu alizoshinda mfululizo, gari ni 404 na haiwezi kuwa nyingine.

Sasa tuje kwenye malori, huko ndo kwangu. Bedford yenye pua, ile TJ, ni kuanzia 1958, na TK ya kichwa bapa ni kuanzia 1960 hivi. TK hata kama maandishi hayasomeki utaijua, injini yake iko nyuma ya siti, kwaio nyuma ya mlango wa dereva kuna kifuniko cha ubavuni cha kufungulia, nimeingiza mikono pale mpaka nimechubuka sana. Scania nayo soma jina vizuri, ikiandikwa Scania-Vabis ni toleo la zamani, hilo Vabis limeondolewa kampuni ilipoungana na Saab kwenye 1968, 1969 hapo.

Fiat 682 ndo inasumbua. Ilianza 1952 ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 80 na sura haikubadilika sana, kwaio gari peke yake haikupi mwaka, hapo lazima uangalie imebeba nini na iko wapi. Wasomaji wadogo hawajui hili, Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) Novemba 1965 Zambia ikabanwa mafuta, ikabidi yapite kwetu, mapipa juu ya malori kutoka Dar mpaka Tunduma na kuendelea, barabara vumbi kiangazi na masika ni tope la kufika kwenye ekseli, malori yakipinduka na watu wakifa, mpaka wenyewe wakaiita njia ya jehanamu. Kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania ikaundwa ikaletewa hayo ma-Fiat. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kutoka Dar kwenda Zambia, likafunguliwa 1968, mapipa yakapungua. Kwaio ukiona Fiat zimepanga foleni kwenye tope zimejaa mapipa, karata yangu naweka 1966 hadi 1968, na hiyo picha jamani sio ya kuandika tu "malori ya zamani", ile ni historia ya ukombozi wa kusini na utingo aliyekaa juu ya mapipa yumo humo.

Mlango wa gari pia usomwe. Basi likiandikwa DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, ni kabla ya 1974, likiandikwa UDA ni baada, manake DMT iligawanywa mwaka huo ikatoka UDA ya mjini na KAMATA ya mikoani. Mnaweka Ikarus kumbakumba, lile basi refu lenye kiungo katikati la enzi za UDA, mnaandika "Dar ya miaka ya 60", haiwezekani. Lori au basi la relwe lenye herufi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, E.A.R.&H. ni kati ya 1948 na 1969.

Ila kuna mtego na naomba waandishi vijana wausikie vizuri. Gari inakwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, haikwambii ni ya mwaka huohuo. Huku kwetu gari haifi, Bedford ya 1959 nimeitengeneza inabeba mahindi kwenye miaka ya 80 na gia boksi ya gari nyingine kabisa. Kwenye picha ya mtaani tafuta ile gari mpya kuliko zote, hata kama imejificha nyuma ya mwembe, hiyo ndo inakupa mwaka wa kuanzia.

Na picha zikigeuzwa je? Ukiona steringi iko kushoto kwenye picha ya Tanga, kabla hujasema ni gari ya Kongo au Burundi soma pleti namba, zikisomeka kinyumenyume basi aliyechapa aligeuza filamu. Hata hapo tahadhari, malori ya Fiat yalikuwa na usukani kulia hata kwao Italia, kwaio usukani peke yake haukwambii nchi. Na hizi za akili mnemba zinazosambazwa sikuhizi kama "Mombasa 1935", angalia shoo na taa, utakuta gari haina kampuni, tairi la mbele nati nne la nyuma saba.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuchapa tembezeni picha kwa mafundi wa pale mtaa wa Gerezani, Dar, au hapa Msamvu, wazee wa spana wapo na hawadai hela, soda tu. Pia acheni kukata pembeni ili sura za wakubwa zionekane, mnakata gari, mnakata namba, mnakata jina la kampuni mlangoni. Na mkipokea picha za familia pigeni picha na mgongo wake, watu walikuwa wanaandika huko nyuma kwa kalamu tarehe na mahali, mara nyingi na jina la dereva.

Fundi mstaafu,
Morogoro