Shukrani kwa dada wa zamu ya usiku, Entebbe

Jamani huyu dada hataki nimtaje jina ila lazima watu wajue. Sisi wapya wa utabiri wa hali ya hewa tulianza kozi ya mwanzo ya picha za setilaiti, intaneti ikawa inakata kila picha zikianza kufunguka, wengine wakataka kuacha kabisa. Yeye akitoka zamu, hata kulala bado, anatuletea flashi yenye picha za usiku kucha za Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa, maana ile inapiga kila baada ya dakika chache, halafu anakaa na sisi. Anafungua ya infraredi ya asubuhi, yaani inayopima joto na penye baridi panatoka peupe, wingu jeupe pee juu ya Ziwa Viktoria, anauliza hii ni dhoruba ama wingu jembamba la juu tu? Yote mawili ni baridi, yote yanatoka meupe! Kisha anafungua ya mwanga wa jua ya saa ile ile, lile jembamba unaliona ziwa jeusi chini yake, la mvua limejaa nene na kivuli pembeni. Hapo ndo nikaelewa kweli, na wavuvi wetu wanategemea hilo jibu. Asante sana dada, Mungu akuzidishie. Nyinyi wazoefu wa ofisi zingine, picha za zamani msizifute, wapeni wapya wenu na mkae nao hata nusu saa.