Tai mla-nyoka hatafutwi angani alfajiri

Mhariri,

Wengi wanaosafiri hadi India, Sri Lanka au Thailand kumtazama tai mla-nyoka mwenye kishungi, Spilornis cheela, hurudi na picha za ndege mwingine. Kosa huanzia kwenye saa. Wanadamka, wanaelekeza darubini juu, wanakuta anga tupu. Alfajiri tai huyu ametua kimya kwenye tawi, mara nyingi kando ya kijito au penye uwazi msituni, akivizia nyoka na mijusi. Asubuhi kagueni matawi. Kuanzia kama saa tatu, jua likishapasha ardhi, hewa ya moto humwinua, naye huzunguka juu ya miti huku akilia kwa sauti kali. Sikio humpata kabla ya jicho. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha; ya mara 10 hutikisika zaidi mkononi, na kivulini picha yake huwa na giza.

Akiwa juu, tazameni upande wa chini wa mbawa: utepe mpana mweupe hupita karibu na ukingo wa nyuma, na mkia nao una wake. Mbawa huinuka kidogo, mfano wa V iliyopanuka sana. Msiamue kwa rangi ya mwili, maana hubadilika kutoka eneo hadi eneo, na mwenye umri mdogo huwa na weupe mwingi kichwani hata akadhaniwa kuwa tai-mwewe, tai wa aina nyingine anayeishi misitu hiyo hiyo. Wala msisubiri kishungi, kwa sababu kikilala kichwa huonekana kinene tu. Angalieni miguu. Ya huyu ni mitupu, ya manjano, imefunikwa magamba magumu yanayomkinga na meno ya nyoka, na vidole ni vifupi na vinene, vya kubana kitu chembamba kinachoteleza. Tai-mwewe ana manyoya mpaka kwenye vidole. Tena, kati ya jicho na mdomo mla-nyoka ana ngozi tupu ya manjano.

Linalotuumiza ni hawa wanaopiga milio iliyorekodiwa ili ndege asogee karibu na kamera. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu na huliatamia siku zipatazo 41. Akiondoka mara kwa mara kumfukuza mgeni asiyekuwepo, yai hupoa, na hata akitaga jingine ni baada ya wiki kadhaa. Mkimwona amebeba vijiti au majani mabichi ya kujengea kiota, zimeni sauti hiyo, rudini nyuma.

Wasomaji wenu, watazamaji wa ndege