Klachi ya feni si ya kuchomelewa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme na mafundi wetu wa huku Malindi, manake nikiwaambia ana kwa ana pale gereji wananicheka, ati dereva ashike usukani fundi ashike spana. Haya, ninachosema ni kuhusu ile klachi ya feni ya injini, kidude kinachoishika na kuiachia feni inayopoza rejeta. Tafadhalini acheni kuipiga weldi.

Mimi natunza gari ya mzee mmoja wa Kizungu, anakuja Desemba, masika yakikaribia anarudi kwao. Gari yenyewe ni Coaster ya zamani, lile basi dogo la Toyota, injini 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 lita 4.2, viti vyote vimetolewa ikawekwa kitanda, jiko la gesi, friji na tangi la maji, watoto wa mtaani wanaiita konokono kwa sababu inatembea na nyumba yake. Ni nzito hiyo, usiione hivyo. Na nusu ya mwaka inakaa tu chini ya mwembe karibu na bahari, ikila upepo wa chumvi.

Mwaka juzi ikaanza kuchemsha. Cha ajabu si barabarani, kutoka hapa mpaka Kilifi ikikimbia 80 geji imetulia kabisa, lakini ingia foleni ya Mtwapa uone, dakika 10 tu sindano inapanda na AC inaanza kupuliza hewa ya jikoni. Nikaipeleka kwa fundi, simtaji, ananijua na mi namjua. Akazima injini, akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka yenyewe kama pia, raundi 5, 6, akasema hii imekufa. Hapo alisema kweli na sitamnyima haki yake. Kisha akaniambia, "Mzee wangu, nyingine mpaka uagize Mombasa, utangoja na utalipa, wacha niipige nukta 3 za weldi iwe dairekti, feni izunguke na pampu moja kwa moja, haitakusumbua tena." Nikakubali, nikalipa, nikasema ahsante. Na vile mkono wake ulikuwa umeshaingia akatoa na thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa kwa mtaro.

Kuchemsha kukaisha kweli. Lakini kelele, Mhariri! Kwa Coaster injini iko chini ya kifuniko hapo katikati ya dereva na wa pembeni, yaani umekaa nayo sebuleni, sasa feni imefungwa dairekti ukikanyaga mafuta inanguruma kama ndege inayotaka kupaa, mzee akiniuliza kitu lazima apige mayowe. Dizeli nayo ikaanza kwenda kama ina tundu. Nikasema ni gari kuukuu, ndo uzee huo.

Tukaenda hivyo miezi kadhaa mpaka siku ya safari ya Lamu, tunaenda Mokowe tuache gari pale tuvuke kwa boti. Tumepita Garsen, tumepita Minjila, kabla ya kufika Witu nikasikia mlio huko mbele kama kuku anakabwa, kabla sijaondoa mguu ikalia kraa! na moshi wa maji ukajaa kioo chote. Beringi ya pampu ya maji imekwisha, feni ikalegea ikaenda mbele ikajikata kwenye rejeta. Rejeta imechanwa duara safi, ungedhani mtu kachora kwa bikari. Tulikaa pale saa 4, jua la kichwa, mzee amekunja suruali anakula maembe aliyopewa na dereva wa lori aliyetuvuta, ananiambia Lamu wamefanya vizuri kubaki na punda. Sikucheka siku ile.

Ndo nikaamua kuijua hii kitu. Sasa wacha niieleze vile nilivyoielewa, fundi anayejua zaidi anisahihishe.

Ile feni haikushikana na pampu moja kwa moja. Kati yao kuna kile kidude cha mviringo chenye mapezi, hicho ndicho klachi, na ndani hakina sahani za kusuguana kama klachi ya gia. Kuna diski inayozungushwa na pampu, na kuna nyumba yake ambayo feni imefungwa juu yake, na baina yao kuna mifereji miembamba inayoingiana bila kugusana. Kinachobeba nguvu kutoka huku kwenda kule ni mafuta mazito ya silikoni. Mafuta yakijaa kwenye mifereji feni inavutwa, yakiondoka feni inateleza, inazunguka kivivuvivu tu. Na anayefungua na kufunga njia ya mafuta ni ule msokoto wa bati ulioko puani mwa klachi, unaangalia rejeta. Umetengenezwa kwa madini mawili yasiyotanuka sawasawa, kwa hiyo ukipigwa na hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta unajisokota, unazungusha kijipini, kijipini kinafungua vali, mafuta yanaingia. Hewa ikipoa vali inajifunga, mafuta yanasukumwa kurudi kwenye chumba chake. Hakuna waya, hakuna kompyuta. Mi nilipoiona ikifunguliwa nilikaa kimya kidogo.

Sasa kwa nini waliihangaikia hivyo badala ya kufunga dairekti kama fundi wangu? Ni kwa sababu feni inakula nguvu. Ukiizidishia spidi mara 2 inataka nguvu mara 8, ndo hesabu ya feni zote duniani ilivyo. Na ukiwa kwa spidi barabara kuu upepo wa safari wenyewe unatosha kupoza rejeta, feni ya nini? Inatakiwa ukiwa kwa foleni, kwa mchanga, au unapanda mlima wa Mazeras na mzigo. Ukiifunga dairekti unalipia dizeli ya feni saa zote, hata alfajiri kwenye baridi, beringi ya pampu inabeba vuta nikuvute ambayo klachi ilikuwa inaimeza, na mapanga ya feni yanazungushwa kwa kasi ambayo mengine hayakuumbiwa, yanaweza kupasuka. Panga likiruka hapo karibu na miguu ya dereva sitaki hata kufikiria.

Na hizi gari za kulala ndo zinaonewa zaidi. Hata zile za Kimarekani za zamani zilizojengwa kwa chasi ya Chevrolet P30 na injini ya V8 ya lita 7.4, ile 454, injini imesukumiwa ndani katikati ya viti, pua fupi, mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC na kipoza mafuta ya gia, hewa inaingia kwa taabu na mzigo ni nyumba nzima. Kwa gari kama hiyo klachi ikichoka kidogo tu unajua. Wako wanaosema toa feni hiyo weka za umeme, sawa, kwa gari ndogo sina neno, lakini kwa mzigo wa aina hii feni za umeme za kuokoteza huwa hazisukumi hewa ya kutosha, mi sishauri.

Kuipima si kazi. Asubuhi ukiwasha injini baridi feni ikinguruma dakika moja mbili kisha itulie, hiyo ni sawa, ni mafuta yaliyoshukia kwenye mifereji usiku, watu wengi wanaogopa bure hapo. Injini ikiwa ya moto, zima, ondoa funguo kabisa, sukuma feni kwa mkono: ikikataa kidogo na kusimama ni nzima, ikizunguka raundi nyingi kama yangu imeishiwa. Angalia usoni pake, ukiona mistari ya mafuta iliyoshika vumbi ikitoka katikati kama miale ya jua basi silikoni imetoroka. Tingisha ncha ya panga mbele na nyuma, ikicheza beringi inakwenda. Wako mafundi wanaokunja gazeti na kulisukuma kwenye feni injini ikiunguruma, ati ikisimama klachi ni mbovu. Mhariri, nimeona toleo lako la Jumamosi likigeuka kachumbari kwa mtindo huo, na vidole vya kijana vilipona kwa upana wa ukurasa mmoja. Msifanye.

Kitu kingine ambacho kilinigharimu pesa ya pili, manake kwanza nilinunua klachi nyingine ya mtumba Mombasa, nikaifunga, na bado ikachemsha! Nikawatukana bure walioniuzia. Kumbe rejeta tuliyoweka badala ya ile iliyochanwa nayo ilikuwa ya mtumba, mirija ya katikati imeziba kwa chumvi. Huku kwetu watu wanajaza rejeta maji ya kisima, na visima vya Malindi mnavijua, hata chai haiivi vizuri. Sasa fikiria, ule msokoto unapima hewa iliyopita kwenye rejeta, ukikaa mbele ya sehemu iliyoziba, maji ya moto hayafiki pale, hewa inayoupiga ni ya baridi, klachi inadhani mambo ni shwari na injini inaungua. Klachi haina kosa. Rejeta ikasafishwa, tukaweka kulanti halisi, ile dawa ya kupoza injini, tukarudisha thamostati mpya (injini nyingi za Toyota ukiitoa maji mengine yanazunguka njia ya mkato bila kupita rejeta, kwa hiyo unaharibu ukidhani unasaidia), na ule mfuniko wa plastiki unaoizunguka feni ambao fundi aliutupa kwa sababu "unasumbua" tukautafuta tukaurudisha. Bila huo feni inavuta hewa ya pembeni tu.

Klachi ya mtumba nayo ilikuwa imechoka kidogo ila haikuhitaji weldi wala kutupwa. Toyota wanauza ile silikoni kwa vichupa vya mililita 18, kuna nyepesi ya 3,000 na nzito ya 10,000 (hicho ni kipimo cha uzito wake), hiyo nzito ukiimimina inavutika kama asali. Kijana mmoja mtulivu wa mtaa wa huku Barani aliifungua skrubu zake, akaifuta, akaongeza, akafunga, kazi ya asubuhi moja. Aliniambia pia spea ya klachi isilazwe kwa rafu miaka, isimamishwe vile inavyokaa kwa gari, la sivyo mafuta yanatambaa yanapita kwenye sili na beringi. Yangu ya akiba nilikuwa nimeilaza. Nikaenda nyumbani kuisimamisha.

Sasa ukipita Mtwapa saa 12 jioni unaisikia inashika, vuuu, nusu dakika hivi, sindano inashuka, kisha inaachia yenyewe. Na mzee akiongea namsikia, ingawa si lazima kila anachosema kiwe cha maana.

Ile ya zamani yenye weldi ninayo barazani, inazuia mlango usipigwe na kaskazi. Fundi wangu akisoma hapa anakaribishwa aje aione, zile nukta zake 3 hazijaachia hata moja.

Dereva,
Malindi