Yah: Malalamiko kuhusu safari za ndege zinazofutwa kwa jina la hali ya hewa

Mawakala wa Tiketi,
Dar es Salaam na Unguja
12 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua pepe tulizowaandikia msimu wote wa masika hazijapata jibu la maandishi, ndiyo maana sasa tunaandika rasmi.

Tuanze na tusichokilalamikia. Hatulalamiki kwamba ndege haikuruka. Radi ikikaribia uwanja (viwanja vingi hutumia kipimo cha kilomita 8 hivi), wafanyakazi huondolewa kwenye maegesho ya ndege, na hapo hakuna kujaza mafuta wala kupakia mizigo. Ndege ndogo ya Caravan mnayoituma Mafia na Pemba ilijaribiwa na mtengenezaji katika upepo wa ubavuni wa kilomita 37 kwa saa. Ndege ya ATR 72 ilifika 65. Rubani akikataa kutua upepo ukizidi hapo, tunamshukuru. Abiria anapokuja kufoka dirishani kwetu tunamweleza hayo hayo, na wengi huelewa.

Malalamiko yetu yanaanzia pale mvua inapokatika. Chukueni safari ya Dar es Salaam kwenda Mombasa kupitia Unguja, iliyofutwa asubuhi kwa sababu ya radi. Kufikia saa 8 mchana anga limefunguka na ndege za wenzenu zinatua na kuondoka. Yenu ya jioni inafutwa. Ya kesho yake asubuhi inafutwa pia, na ya mchana inachelewa saa nne. Kaunta jibu ni lile lile: hali ya hewa. Ya wapi? Tunaishi na ratiba zenu na tunajua kilichotokea. Ndege imelala Unguja, abiria wako Dar es Salaam, na marubani wamemaliza saa zao. Muda wa kazi wa rubani huanza kuhesabiwa anaporipoti kazini, si magurudumu yanapoacha ardhi. Mkimweka chumba cha kusubiri saa tano mkitazama mawingu, mmezitumia saa hizo. Anga likifunguka mnakuwa na ndege nzima, mafuta na abiria, ila hamna wa kuirusha kihalali. Timu ya pili ingeitwa saa 6 mchana, ndege ya jioni ingeondoka. Huo ni upangaji wenu, na radi haina mkono humo.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko wazi kwa dunia nzima. Desemba 2022 dhoruba ya baridi ilipiga sehemu kubwa ya Marekani. Mashirika mengine yalisimama tena baada ya siku chache, lakini Southwest iliendelea kufuta hadi safari zikafika 16,900 na abiria zaidi ya milioni 2 wakaathirika, kwa kuwa mfumo wake wa kupanga marubani na wahudumu ulishindwa kufuatilia nani yuko wapi. Desemba 2023 Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo ikaitoza adhabu ya dola milioni 140. Dhoruba ilikuwa ile ile kwa wote.

Na msidhani huku hakuna sheria. Dar es Salaam–Mombasa ni safari ya kimataifa, na Tanzania na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999. Kifungu cha 19 kinamwondolea msafirishaji dhima ya ucheleweshaji pale tu anapothibitisha kwamba yeye na watu wake walichukua hatua zote zilizostahili kuepusha hasara, au kwamba hazikuwezekana. Anayetakiwa kuthibitisha ni nyinyi. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wa madai hayo ni SDR 6,303 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria mmoja. Neno "hali ya hewa" likitamkwa kaunta halithibitishi chochote kuhusu ndege ya siku ya pili.

Hapo tunafika kwenye karatasi, na hili ndilo linalotuudhi kuliko yote. Abiria mwenye bima ya safari anatakiwa awasilishe barua ya shirika yenye namba ya safari, tarehe, muda uliopangwa, muda halisi na sababu. Bima nyingi zinazolipa ucheleweshaji huhesabu saa na huangalia sababu. Nyinyi mnamwambia mtu kwa mdomo kwamba ni hali ya hewa, kwa hiyo hakuna hoteli wala chakula. Akiomba barua anaandikiwa "sababu za kiutendaji", na kampuni ya bima iliyomkinga dhidi ya hali mbaya ya hewa tu inamkatalia. Kwenu amenyimwa kwa sababu moja, kwenye bima amenyimwa kwa sababu nyingine, na safari ni ile ile moja. Chagueni sababu iliyo ya kweli, iandikeni, na muishi na matokeo yake. Kama ndege ya kwanza ilizuiwa na radi na ya tatu ikazuiwa na ukosefu wa marubani, ziandikwe hivyo, kila moja kwa namba yake.

Kuhusu taarifa, huu ni mtiririko wa meseji za safari moja kama ulivyo kwenye simu ya abiria. Saa 2:40 asubuhi: safari yako ya saa 3:30 imesogezwa hadi saa 4:30. Saa 4:10: hadi saa 5:45. Saa 5:30: hadi saa 8:00 mchana. Kisha kimya. Saa 10:20 jioni: safari imefutwa, tafadhali fika ofisini kwetu. Ofisi zenu hufungwa saa 11. Mtu huyo angeambiwa ukweli saa 2:40 angepanda basi la Tanga na Mombasa. Saa 4:10 bado angeweza kubadilisha tiketi yake ya mbele bila faini. Kila meseji ya kuahirisha ilimfungia mlango mmoja. Kuahirisha kidogo kidogo ni nafuu kwenu, maana aliyeko uwanjani haombi kurudishiwa pesa, lakini gharama anaibeba yeye.

Idara yenu ya uendeshaji inao utabiri wa uwanja, TAF, unaotolewa kila baada ya saa 6. Ikiandikwa TEMPO mbele ya radi, maana yake ni vipindi vya kupita, kila kimoja chini ya saa moja, na kwa jumla chini ya nusu ya muda uliotajwa. Hapo kusubiri kuna maana: ongezeni mafuta ya kuzunguka angani na ya kurudi, pangeni mizigo mapema, wekeni abiria karibu na mlango, ondokeni upenyo ukipatikana. Onyo la upepo mkali la Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ni jambo jingine. Linatoka na rangi yake, mikoa yake na siku zake: Angalizo, Tahadhari, Tahadhari Kubwa. Kimbunga Hidaya hakikumshtukiza mtu; kilifuatiliwa baharini kabla ya kufika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasitisha safari. Masika haya nyinyi mmefanya kinyume. Palipokuwa na mvua ya kupita mlifuta mapema kuokoa mafuta. Palipokuwa na onyo lililotangazwa jana yake mliwaita abiria uwanjani saa 12 asubuhi waje kungoja.

Onyo la namna hiyo likitoka, kazi ifanyike jana yake. Fungueni mabadiliko ya tarehe bila faini kwa wote wenye tiketi za saa 72 zinazohusika, na mtutumie mawakala namba ya msamaha (ya kuruhusu mabadiliko hayo) hapo hapo. Kati ya viti 70 vya ATR, watu 20 wakihama kwa hiari, foleni ya siku ya pili inakuwa nyingine kabisa. Ondoeni ndege kwenye njia ya dhoruba ikalale panapofaa, pamoja na marubani wake. Na uwanja ukizidiwa, simamisheni kuingiza watu wapya. Dubai ilipofurika tarehe 16 Aprili 2024, Emirates ilisitisha kwa muda kupokea abiria wanaoanzia safari hapo ili ishughulike na waliokwishakwama katikati. Uamuzi mchungu, lakini wenye akili.

Sasa tiketi zenyewe. Safari ikifutwa, mfumo wenu unapaswa kubadilisha hali ya kipande kile cha safari kutoka HK (imethibitishwa) kwenda UN (haifanyiki), na kutuletea mbadala kwa TK (mabadiliko ya ratiba) tuukubali au tuukatae. Mnachofanya ni kuiacha HK hadi ndege inapofungwa kwenye mfumo. Matokeo yake abiria ambaye hakwenda uwanjani, kwa sababu meseji yenu ilimwambia safari imefutwa, anatiwa alama ya NS kana kwamba ndiye aliyekosa kutokea. NS hiyo inafuta kipande cha kurudi chenyewe. Wiki moja baadaye yuko Pemba, kiti hakipo, anatakiwa anunue kipya. Tukimrudishia abiria pesa kamili kwa sababu tunaujua ukweli, mnatutumia ADM, yaani hati ya kumdai wakala pesa, kwa faini ya kutotokea. ADM zote za aina hiyo tumeziorodhesha kwenye jedwali lililoambatishwa, kwa namba za tiketi, na tunataka zifutwe.

Wenye tiketi mbili tofauti, moja ya kwenu ya Unguja–Dar es Salaam na nyingine ya shirika jingine la kwenda Ulaya au Ghuba, hawana ulinzi wa kuunganishiwa safari. Hilo tunawaambia wenyewe kabla ya kulipa na hatuwadai nyinyi. Lakini tovuti yenu inapowaonyesha muda wa kuunganisha wa dakika 75 katikati ya masika, inawauzia matumaini. Wekeni angalau saa nne, au muandike kwa herufi zinazosomeka kwamba hamuhusiki.

Mizigo. Njia ya kurukia ikilowa, uzito unaoruhusiwa hupungua na mabegi hushushwa, jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kumwacha abiria atoke uwanjani Mafia bila kuambiwa kwamba begi lake limebaki Dar es Salaam. Bila ripoti ya mzigo, PIR, yenye herufi na namba zake kumi, hakuna anayelitafuta. Wafanyakazi wenu wa visiwani wamekuwa wakiandika jina na simu kwenye daftari wakisema "litakuja na ndege ya kesho". Kwa safari ya kimataifa abiria ana siku 21 tangu begi likabidhiwe kwake kulalamika kwa maandishi juu ya ucheleweshaji, na ukomo wa madai ya mizigo ni SDR 1,519. Daftari halimsaidii. PIR ijazwe kabla mtu hajavuka mlango, na nakala apewe.

Marejesho ya pesa: safari ikifutwa na nyinyi, abiria akichagua pesa apewe pesa, si vocha ya miezi mitatu isiyohamishika jina. Ada ya huduma ya abiria na ada ya usalama zirudi zote, kwa kuwa huduma haikutumika. Aliyelipa kwa simu arudishiwe kwa simu.

Tunataka jibu la maandishi ndani ya siku 14 za kazi, lenye mambo haya: sababu halisi ya kila safari iliyo kwenye jedwali, ikitenganishwa ya siku ya kwanza na zilizofuata, barua sahihi za bima kwa abiria waliotajwa, kufutwa kwa ADM, na jina la cheo, si la mtu, mwenye mamlaka ya kutoa namba ya msamaha usiku na siku za mapumziko. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini dhoruba nyingi za masika hii zilianza Ijumaa jioni na dawati lenu la mawakala lilifunguliwa Jumatatu saa 3 asubuhi.

Wenu,
Mawakala wa Tiketi, Dar es Salaam na Unguja

Kiambatisho: jedwali la tiketi, meseji za abiria na ADM
Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA)