Goma ya Wasiddi si kupasua nazi tu

Ndugu Mhariri,

Filamu nyingi kuhusu goma, ngoma ya Wasiddi wa Gujarat nchini India, huishia pale pale: kijana aliyejipaka rangi usoni, manyoya ya tausi kiunoni, anarusha nazi juu na kuidaka kwa kichwa ikapasuka. Inapendeza, hatukatai. Lakini hicho ndicho kipande kisichokuwa hatarini. Watalii wanaofika Sasan Gir kuangalia simba hukilipia, na kinacholipiwa hakifi upesi.

Kinachopotea kimekaa pembeni mwa kamera. Wasiddi, ambao wahenga wao walitoka Afrika na jina la ngoma yao, goma, ni neno letu hili hili la ngoma, wana dhamali, jina jingine la goma, ya kukaa na ya kusimama. Ya kukaa ndiyo shina. Wapigaji huketi, huimba zikri za Bava Gor, walii ambaye kaburi lake huzuriwa Ratanpur, wilayani Bharuch. Mwendo huanza taratibu, hupanda kidogo kidogo, hadi mtu ashikwe na hali, yaani jazba ya zikri. Mhariri wa filamu akitupa dakika za mwanzo ili awahi kasi, mtazamaji ataona watu wanaruka tu, asijue wamefikaje huko.

Kisha sauti. Kuna mugarman, ngoma ndefu yenye miguu. Musindo, jina linalomkumbusha Mswahili msondo. Kayamba la kifuu cha nazi lililovikwa kitambaa na kuitwa kwa jina la Mai Misra, dada wa walii. Na malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, unaogongwa kwa kijiti. Malunga ndiyo yenye sauti ndogo kuliko zote. Kipaza sauti kimoja kikiwekwa katikati, ngoma huimeza, na kwenye filamu mpigaji huonekana kama anaigiza. Malunga ipewe kipaza chake, shibiri moja kutoka mdomo wa kibuyu. Kosa jingine ni kupima kiwango cha sauti wakati wa zikri za polepole: ngoma zikichachamaa, rekodi yote inakwaruza na haitengenezeki tena. Waombwe wapige kwa nguvu kwanza, ndipo vipimo viwekwe.

Tena wasiende wakati wa masika ya kule, Juni hadi Septemba. Ngozi hulegea kwa unyevu, lazima ikanzwe motoni, na watu wa filamu wenye haraka hawaingoji.

Kamera moja isimame mbali, isiguswe, ionyeshe duara zima pamoja na miguu. Za karibu ziwe nyongeza. Picha ikibadilika kila sekunde tatu, hakuna atakayeweza kujifunza hatua hata moja.

Maneno yanahitaji uangalifu zaidi. Ndani ya nyimbo mna maneno ya asili ya Kiswahili ambayo waimbaji wengi hawayaelewi tena. Sisi Waswahili tukitafsiri ndio hatari, maana tutalazimisha kila silabi iwe na maana. Yaandikwe kama yanavyotamkwa. Tafsiri iwekwe pale tu penye hakika.

Na rekodi nzima, kabla ya mkasi, iachwe Ratanpur na Jambur, kijiji cha Wasiddi karibu na Gir. Kijana anayetaka kupiga malunga anahitaji saa mbili zisizokatwa kuliko dakika 52 zilizopambwa kwa ajili ya televisheni.

Wasomaji wenu, wapenzi wa ngoma