Dada, nikujibu kuhusu hizi picha zangu za viatu na ndoo

Dada yangu, asalamu aleikum. Natumai nyote wazima huko Maskati na joto halijawaelemea. Voisi yako nimeisikiliza, nikaona bora nikujibu kwa kuandika, tena niandike hapa waziwazi, maana wako wengi walioko mbali wanaoniuliza hivyo hivyo: kwa nini nikiombwa picha za nyumbani natuma ndoo uani, sijui viatu mlangoni, sijui mama anakuna nazi, badala ya Forodhani, pale pwani Mji Mkongwe, jua linazama na jahazi linapita.

Jua la Forodhani ninalo, ntakutumia, utalifremu. Maharusi ndo nawapeleka pale na riziki yangu inatoka hapo, Alhamdulillah. Lakini lile jua ukishalitundika ukutani, miaka ikipita, huwezi kujua lilikuwa la mwaka gani wala nani wetu alikuwa hai siku ile.

Sasa chukua ile ya bibi barazani anachambua mchele, ambayo wewe umeshikilia ilipigwa Disemba mlipokuja likizo. Haiwezi kuwa Disemba dada. Tazama miguu yake, jua limempanda mpaka magotini, na ni adhuhuri maana mama anasema bibi mchele alikuwa akichambua wakati watu wanarudi msikitini, na baraza la bibi linatazama kaskazini. Sisi Unguja tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzo wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri linakaa kaskazini, ndo linaingia barazani, na Disemba linahamia kusini, nyuma ya nyumba, baraza lote linakuwa kivuli. Khalafu bibi kajitanda kanga ya pili mabegani, nani anajitanda hivyo Disemba? Ile ni Juni au Julai, kipupwe, masika yamekwisha na kusi linavuma. Mwanga wa miezi ile mie naupenda kuliko wote, vumbi limeoshwa, majani yanang'aa, hata ukuta mkongwe wa chokaa unaonekana una uhai.

Aliyepiga hakuandika kitu nyuma na sidhani kama alifikiria majira, alimtaka bibi tu, hayo mengine yakaingia yenyewe. Na sisi kumbukumbu zetu hazikukamata hata moja, wewe ulikuwa na Disemba yako na mama mdogo ana mwaka wake mwingine kabisa.

Na lile ulilosema kwamba Idi za utotoni zilikuwa za jua kali na sasa hivi ni mvua na tope, hapo kumbukumbu yako ni sahihi kabisa, nimefurahi sana ulivyolisema. Idi ya Fitri ya 1998 iliangukia mwisho wa Januari, kaskazi hiyo, ndo maana ile picha yetu tunakwenda Mnazi Mmoja ardhi imekauka na wewe mkononi umeshika shokishoki, na shokishoki mwezi wa Julai utazitoa wapi? Mwaka wa mwezi unapungua kama siku 11 kwa ule wa jua, kila mwaka Idi inarudi nyuma kidogo, mpaka ikatufikia kwenye masika, 2022 ilikuwa mwanzo wa Mei na 2023 Aprili. Wanangu kwenye picha zao za Idi nyuma kuna dimbwi na mwamvuli, wao wakikua Idi ya utotoni itakuwa harufu ya mvua. Nikiziweka albamu mbili pamoja, yetu na yao, naona kabisa Idi inavyotembea kwenye majira. Inachukua kama miaka 33 kuzunguka yote. Makunduchi, ile sherehe yao ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa, inafuata mwaka wa jua, kila ukija ni Julai, kwa hiyo picha zao mwanga haubadiliki sana, nguo ndo zinabadilika.

Halafu Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani pale Forodhani. Unajua mimi nimelipiga mara ngapi lile jengo, limesimama tangu 1883, nani angefikiri litakwenda popote, na siku ile 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka na watu wakapoteza maisha. Usiku nikawa natafuta kwenye hard disk, nikakuta maharusi kibao na jengo nyuma, zuri, limepakwa mwanga. Iliyoniliza ni moja niliyokuwa najaribu lenzi tu, muuza kahawa kainama na dele lake, watoto wanakimbia, jengo limekatwa nusu pembeni. Pale ndo nikaliona tulivyokuwa tunaishi nalo, tunapita zetu bila kulitazama.

Tangu hapo nimeamua, kila siku lazima nipige kitu kimoja ambacho hakuna atakayenilipa. Jiko, ukuta, mama akivaa miwani. Nazichapisha zile nzuri kila mwisho wa msimu, maana simu ikifa na picha zimekufa, hilo nimeliona kwa wateja wengi wanaokuja wanalia na simu iliyoingia maji.

Kwa hiyo dada na mimi nina ombi. Usinitumie tena ufukwe wa Mutrah, mzuri lakini nshauona. Nipigie jikoni kwako asubuhi kabla hujapanga vyombo. Nipigie watoto wamelala mbele ya eisi mchana wa Julai, huko joto linapita 40 na mnafunga mapazia, nataka nione hicho kiza cha mchana kilivyo. Shemeji akirudi kazini mpige kabla hajabadilisha nguo, atalalamika, mpige tu. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na tarehe inapotea humo humo. Zile ulizochapisha andika nyuma kwa penseli laini, majina na mwezi, kalamu ya wino inapenya mbele baadaye. Na kanda za negativu za marhum baba zilizoko kwenye mkebe wa biskuti, ukija mwezi wa nane njoo nazo kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye begi kubwa. Nitazisafisha na kuziskani zote, tukae na mama tuulize majina yeye akiwa bado anawakumbuka.