Risala ya Watumishi wa Kituo cha Afya, Delta ya Rufiji, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani,
Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Kituo,
Ndugu wananchi,

Sisi watumishi wa kituo hiki tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kupanda boti kuja kutusikiliza, maana wageni wengi wa huku delta huishia bandarini Nyamisati wakatuita sisi tuwafuate.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo hatuombi jengo wala gari. Tunaomba bajeti ya Halmashauri itenge fungu dogo la kugharimia majaribio yanayobuniwa na watumishi wenyewe, ili huduma imfikie yule ambaye kila mwaka huachwa nyuma. Ombi hili limetokana na kosa letu wenyewe.

Kwa miaka mingi kliniki ya mama na mtoto ilifanyika kila Jumanne, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ratiba hiyo ilimfaa mtu anayeishi hatua chache kutoka hapa. Lakini wiki za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, mkono wa mto hubaki tope tupu, na mitumbwi inayotoka visiwani hukwama. Kina mama walifika alasiri, watoto mgongoni, khanga zimelowa matope hadi magotini, wakakuta tumekwisha kufunga. Kwa kuwa chupa ya chanjo ya surua ikishafunguliwa hutupwa muda wa saa sita ukipita, tuliona ni hasara kufungua nyingine kwa ajili ya watoto wawili, tukawaambia warudi wiki inayofuata. Kisha katika taarifa ya robo mwaka tukaandika kwamba jamii ya visiwani ina mwamko mdogo.

Muuguzi mmoja, binti wa mvuvi, ndiye aliyebandika jedwali la maji kujaa na kupwa pembeni ya ratiba ya kliniki, na hapo kila mmoja wetu akajionea. Tulikubaliana kwamba wiki za bamvua kliniki ianze saa nane mchana, maji yanapojaa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapeleke taarifa vijijini. Tuliomba fedha za petroli ya boti. Ombi likarudishwa kwa maelezo kwamba halikuwamo katika mpango wa mwaka. Tukachangishana shilingi 5,000 kila mtumishi. Siku ya kwanza ya bamvua benchi la nje halikutosha, na baadhi ya kina mama walikuwa na kadi ambazo nafasi za chanjo zilikuwa wazi tangu mtoto alipozaliwa.

Si kila tulilojaribu lilifaulu. Tuliwahi kuwakumbusha wajawazito kwa simu, tukagundua kwamba namba nyingi tulizoziandika ni za waume walioko dago, yaani kambi za uvuvi, ambao hurudi baada ya wiki. Jaribio hilo tuliliacha, nalo pia tunalihesabu kuwa faida, kwa sababu lilitugharimu vocha chache tu.

Mheshimiwa, tunachokiomba si kigeni katika nchi hii. Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya hiari ya kaya, ulijaribiwa Igunga kuanzia mwaka 1995 kabla ya kutungiwa sheria mwaka 2001. Na Rufiji hii hii, wakati ambapo Wilaya ya Kibiti ya leo ilikuwa bado ndani yake, pamoja na Morogoro, ndizo wilaya zilizochaguliwa kwa jaribio la Wizara ya Afya na wenzao wa Kanada katika miaka ya 1990, timu za afya za wilaya zikapewa nyongeza ndogo ya fedha na uhuru wa kuzipanga kufuatana na magonjwa yanayowaua watu wao. Morogoro walibaini kwamba malaria ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, ilhali ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Baada ya mipango kurekebishwa, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja katika akaunti za vituo, jambo tunalolishukuru sana. Hata hivyo, mpango ukishapitishwa, wazo linalozaliwa mwezi Oktoba husubiri hadi Julai. Kwa hiyo tunapendekeza mtumishi wa kada yoyote, akiwamo mhudumu wa usafi, aruhusiwe kuandika ombi la ukurasa mmoja, ombi lijadiliwe na Kamati ya Usimamizi ndani ya wiki mbili, jaribio lidumu miezi mitatu, na taarifa yake isomwe hadharani hata likishindwa. Tunasisitiza neno hilo la mwisho, kwa kuwa mtumishi anayeogopa kuulizwa kwa nini limeshindwa hataandika ombi la pili.

Jaribio letu linalofuata liko tayari: kumlaza mjamzito wa visiwani karibu na kituo wiki za mwisho za ujauzito, katika nyumba ambayo mwanakijiji mmoja ametuazima. Kinachopungua ni vitanda vitatu, vyandarua na chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Watumishi wa kituo.